Chupa Iliyoandikwa Makuyuni

 

Kuna chupa moja ya maji ambayo sijaisahau, ingawa miaka imepita. Niliikuta mezani katika maabara moja nilikokwenda kujifunza namna maji yanavyopimwa. Ilikuwa chupa ya soda ya plastiki, ya nusu lita. Ubavuni ilibandikwa kipande cha karatasi ya daftari. Wino ulikuwa umelowa ukatapakaa, na neno lililosomeka lilikuwa moja tu: Makuyuni. Aliyeileta alikuwa ameshaondoka kuwahi basi. Mkemia aliiinua chupa kwenye mwanga, akaigeuzageuza, kisha akaniuliza, "Makuyuni ipi?"

Lilikuwa swali la haki. Mkuyu ni mti upendao maji, na wazee wetu walipouona mkuyu walijua kisima hakiko mbali, ndiyo maana Makuyuni haziishi katika nchi hii. Ipo Makuyuni ya Monduli, pale njia ya kwenda Manyara na Ngorongoro inapochepuka kutoka barabara ya Dodoma. Ipo Makuyuni ya Moshi Vijijini, upande wa Himo. Na ipo hii ninayoizungumzia leo, Makuyuni ya Korogwe, kwenye barabara kuu kati ya Korogwe na Mombo, jirani na reli waliyoijenga Wajerumani kutoka Tanga. Maji ya ukanda wa Arusha na Monduli yanajulikana kwa floraidi itokayo kwenye miamba ya volkano, ile inayoyatia meno ya watoto rangi ya kahawia. Maji ya Korogwe yana mashaka yake mengine kabisa. Chupa isiyo na wilaya, isiyo na jina la mto wala tarehe, hata mashine ya mamilioni ikiipima, majibu yatakuwa ya nani?

Maji yale yalimwagwa. Mtu alitoka kijijini kwake, akalipa nauli, akabeba wasiwasi wa jirani zake wote ndani ya nusu lita ile, na ikaishia kwenye sinki. Niliumia siku ile, na bado naumia ninaposikia wanakijiji wakiambiwa "leteni ushahidi" na watu ambao hawajawahi kuwaonyesha namna ya kuushika. Kwa hiyo leo nitawaonyesha, kadiri redio inavyoruhusu.

Tuanze na mto wenyewe. Mto Pangani unaanzia kwenye mabega ya Kilimanjaro na Meru. Mito ya Kikuletwa na Ruvu inakutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, lililokamilika miaka ya 1960, kisha maji yanateremka yakiwa na milima ya Upare na Usambara upande mmoja na nyika upande wa pili, yanafika Korogwe, yanazungusha mitambo ya umeme ya Hale, hadi baharini katika mji wa Pangani. Njiani mto unapokea kila kitu tunachoupa: maji machafu ya miji, maji ya mashamba ya miwa na mpunga, vijito vinavyoshuka kutoka Lushoto kupitia Soni hadi Mombo vikiwa vimepita kwenye bustani za kabichi na nyanya zinazopuliziwa dawa. Na njiani mto huo huo unanywewa. Handeni, wilaya yenye ukame ambako watu wengi wamezoea kugawana lambo na ng'ombe, imekuwa ikivuta maji ya Pangani kwa bomba refu tangu miaka ya 1970. Sasa mradi wa miji 28, unaojengwa kwa mkopo kutoka India, unataka kuyafikisha maji ya mto huu kwa watu wengi zaidi wa Korogwe, Handeni, Muheza na Pangani. Kujua kilichomo ndani yake ni jambo la watoto wetu wote, si la wataalamu peke yao.

Sasa tuseme wewe ni mkazi wa Makuyuni, au wa kijiji chochote cha ukanda ule wa mkonge. Asubuhi unaona maji yamegeuka rangi ya chai ya majani, yana povu, yananuka uchachu. Unashuku kiwanda. Wanaoujua mkonge wanajua kinachotokea kwenye korona, mashine inayochambua majani. Jani likipita kwenye mashine ile, singa zinazopatikana ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani zima. Kinachobaki ni nyama ya jani na utomvu wake mchachu, vinavyosukumwa nje kwa maji mengi. Kule Hale walionyesha kwamba mabaki hayo yanaweza kuingizwa kwenye mtambo yakatoa gesi na umeme, nami natamani kila korona ingekuwa hivyo. Yakiachwa yaende mtoni, vijidudu vya majini vinayashambulia kwa pupa, na katika kuyala vinatumia oksijeni ambayo samaki wanaihitaji. Samaki anakosa pumzi ndani ya maji.

Kosa la kwanza ambalo wengi wetu tungelifanya ni kuchota mara moja, mahali pamoja, kisha kwenda zetu. Korona ina saa zake za kuzunguka na saa zake za kusimama. Ukichota mchana wa Jumapili mashine zimelala, umeutakasa mto ambao Jumatatu asubuhi utakuwa umechafuka. Ukichota pale pale mdomoni mwa mfereji wa kiwanda, umewatia hatiani watu kwa maji ambayo bado hayajachanganyika na mto. Anayetaka ukweli huchota angalau sehemu tatu. Moja ni juu ya mfereji, ili ajue mto ulikuja na nini kutoka kwa wengine. Ya pili ni kwenye mfereji wenyewe. Ya tatu ni chini, mbali kidogo, kwa sababu maji yakiingia mtoni hutembea ubavuni kama utepe kwa mwendo mrefu kabla ya kuchanganyika. Bila chupa ile ya juu, huna kesi. Mwenye kiwanda atasema uchafu ulitoka Mombo, na hutakuwa na jibu.

Tena achote zaidi ya siku moja. Mvua ya kwanza ya vuli, baada ya miezi ya vumbi, huosha mashamba, barabara na mazizi kwa pamoja, na mto wa siku hiyo si mto wa Agosti. Mvua ya masika ikishakolea, uchafu ule ule unaweza kuonekana mdogo kwa sababu tu maji yamekuwa mengi. Kwa hiyo andika kama mvua ilinyesha jana, na mto ulikuwa umejaa au umepungua. Mstari huo mmoja wa maelezo una thamani ya kipimo kizima.

Sasa tuingie majini. Nasema tuingie, lakini Pangani ina mamba na viboko, na hakuna sampuli yenye thamani ya mguu wa mtu. Pasipo salama, chota kutoka darajani kwa chombo safi kilichofungwa kamba. Pakiwa salama, simama ukitazama kule maji yanakotoka, ili matope unayoyatibua kwa miguu yaende nyuma yako. Tafuta maji yanayokwenda, usichote kwenye kidimbwi cha pembeni. Suuza chupa mara tatu kwa maji yale yale ya mto, ukimwaga upande wa chini. Kisha izamishe mdomo ukiwa chini, kama shubiri moja hivi kutoka juu, sentimita 20 au 30, halafu igeuze mdomo uelekee mkondo. Ngozi ya juu ya maji hukusanya mafuta na takataka, na chini kabisa kuna tope, kwa hiyo maji ya katikati ndiyo yenye habari za mto. Kisima cha pampu kipige kwanza dakika kadhaa, maana maji ya mwanzo yamelala kwenye bomba na yanasimulia habari za bomba.

Nimesema suuza mara tatu, lakini isisuuzwe ile chupa ya kupima vimelea vya kinyesi, ambayo maabara imeichemsha ikafungwa, wala ile uliyopewa ikiwa na dawa ndani yake. Hizo unazifungua, unajaza, unafunga, bila kidole kugusa mdomo wala ndani ya kizibo. Nimemwona mtu mwenye nia njema kabisa akisuuza dawa yote mtoni kwa sababu alifundishwa usafi.

Na chupa zenyewe hazilingani. Hapa ndipo chupa ya soda inapotuangusha, nami naomba msinichoke.

Chukua risasi, ile metali iliyoko kwenye betri za magari. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 10 za risasi kwa lita. Nitawapa sura yake. Panga matangi 20 ya lita 5,000 kila moja, yale meusi tunayoyaona kwenye nyumba. Ndani ya maji yote hayo, gramu moja tu ya risasi inatosha kufikia kikomo hicho. Sasa fikiria vumbi la mikononi, kutu ya ndoo, rangi ya boti, sarafu uliyoishika nusu saa iliyopita. Mmarekani Clair Patterson, aliyekokotoa umri wa dunia mwaka 1956 kwa kupima risasi ndani ya vimondo, alihangaika miaka mingi kwa sababu kila alichopima kilikuwa na risasi ngeni. Ilitoka hewani, kwenye vyombo, kwenye nywele za watu. Ilibidi ajenge chumba kisafi kuliko vyote vya wakati wake. Alipokwenda kuyapima maji ya bahari kwa uangalifu huo, ikaonekana kwamba takwimu nyingi za risasi baharini zilizokuwa zimekwishachapishwa zilikuwa za juu kupita kiasi. Wanasayansi waliosoma sana walikuwa wamepima uchafu wa chupa zao na meli zao. Kama wao walikosea, nasi wa Korogwe tuna kila sababu ya kuwa waangalifu.

Kwa metali, basi, hutumika chupa ya plastiki iliyolowekwa kwenye tindikali na kusuuzwa maabara, na maji yakishaingia hutiwa matone ya tindikali ya naitriki. Yasipotiwa, metali hung'ang'ania kuta za chupa. Mkemia atapima maji yaliyobaki katikati na kukuambia ni salama, wakati sumu imeganda ubavuni. Zebaki ndiyo mtoro mkubwa kuliko zote, kwa kuwa inapenya hata plastiki ya kawaida ikapotea, hivyo huwekwa kwenye kioo. Nalitaja hili kwa ajili ya ndugu zetu wa Handeni. Kule Magambazi na kwingineko wilayani dhahabu imechimbwa na wachimbaji wadogo, na tunajua wachimbaji wadogo wengi nchini hukamata dhahabu kwa zebaki. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Mkataba huo utakuwa na nguvu kijijini iwapo tu maji na tope la kijito vitachukuliwa kwenye chombo kinachofaa. Nasema na tope, kwa sababu zebaki na sumu nyingine nyingi hupenda kulala kwenye tope la chini, na maji ya juu yakaonekana hayana hatia.

Viuatilifu navyo vinakataa plastiki, kwa sababu hung'ang'ania. Vinataka chupa ya kioo cha kahawia, isiyopitisha jua, na mfuniko usio na mpira unaogusa maji. Korogwe inalijua jambo hili kuliko inavyodhani. Old Korogwe palikuwa na ghala la viuatilifu vya zamani. Ghala likasafishwa, watu wakaendelea na maisha. Miaka mingi baada ya usafi ule, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Ujerumani walichukua udongo wa pale na wakayakuta mabaki ya DDT na jamaa zake. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2014. Ardhi ilikuwa haijasahau, nao waliweza kulisema hilo bila kupingwa kwa sababu walijua udongo ulitoka hatua ngapi na kina gani.

Kuna vitu vingine ambavyo haviwezi kusafirishwa hata ukiwa na chupa ya dhahabu. Joto la maji, uchachu wake, na oksijeni iliyomo hupimwa pale pale, miguu ikiwa bado imelowa. Mkumbuke Machi 2022, maji ya Mto Mara yalipogeuka meusi na samaki wakaelea. Kamati ya serikali chini ya Profesa Samwel Manyele ilieleza kwamba oksijeni iliisha kwa sababu ya kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Nchi ikagawanyika. Wengi hawakukubali, wakauliza juu ya migodi. Sitaamua kesi ile hapa. Ninachokiona ni kwamba oksijeni ya asubuhi ile samaki walipokufa hairudi. Huwezi kuichota wiki inayofuata. Upande wa juu wa mto huo huo, nchini Kenya, watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2018 walikuwa wameacha vipimo majini miaka kadhaa, usiku na mchana. Ndipo wakaweza kuonyesha kwamba kinyesi cha viboko zaidi ya 4,000, kikisombwa kutoka madimbwini na mafuriko ya ghafla, kinaweza kuua samaki kwa kukosa hewa. Kwa kuwa walikuwepo saa ile, waliaminika.

Asiye na mtambo wa namna hiyo anaweza kutumia njia ya Winkler, Mhungari aliyeieleza mwaka 1888 na inayotumika mpaka leo. Chupa inajazwa pomoni bila kubakiza hata kiputo, inatiwa dawa mbili pale pale, na oksijeni inafungwa isitoroke mpaka maabara. Pomoni, nasema. Lakini chupa ya vimelea inaachiwa nafasi kidogo juu, ili mkemia aweze kuitikisa. Ndiyo maana nasisitiza kabla ya kuchota mtu aende maabara, au ampigie simu mtu wa wilaya wa RUWASA, wakala wa maji vijijini, aseme anashuku nini. Maabara ndiyo inayotoa chupa. Hapo tu tungekuwa tumeokoa nusu ya sampuli zinazomwagwa.

Halafu kuna saa. Vimelea vya kinyesi ni viumbe hai, vinazaliana na vinakufa chupani. Vinatakiwa viwe maabara ndani ya saa 6, na visipite saa 24 kwa hali yoyote, vikiwa kwenye kasha la barafu, gizani, bila kuganda. Kutoka Makuyuni hadi Tanga mjini ni kama kilomita 100. Anayechota saa 1 asubuhi na kukamata basi mapema anafika vizuri. Anayechota jioni akailaza chupa dirishani kwa jirani ili kesho yake ibebwe na kijana wa bodaboda, kesho atapima kitu kingine kabisa. Afadhali asingechota.

Mwisho wa kazi ya mtoni ni ushahidi. Kila kundi la chupa liwe na pacha mmoja, yaani maji yale yale yaliyochotwa mara mbili, na liwe na chupa moja ya maji safi ya maabara iliyosafiri nawe mtoni, ikafunguliwa, ikafungwa, ikarudi. Hiyo ndiyo itakayosema kama uchafu ulitoka kwenye mto au kwenye gari lenu. Mtendaji wa kijiji awepo, na mtu wa upande unaoshukiwa aalikwe achote naye, kando yako, dakika hiyo hiyo. Kila mkono unaoshika chupa uandike jina na saa ya kuipokea. Na majibu yakirudi yasomwe kwenye mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili, tarakimu zote, hata zile zisizompendeza mtu. Nimeona majibu yakifungiwa kabatini mwaka mzima huku akina mama wakiendelea kuchota, na jambo lile lilinikasirisha kuliko uchafu wenyewe.

Sasa chukueni kalamu, ile ya wino usiofutika, au penseli, maana penseli hailoi. Tunaandika kwenye ubavu wa chupa, siyo kwenye kizibo, kwa sababu vizibo hubadilishana. Nitasoma polepole.

Mto Pangani. Ukingo wa upande wa Korogwe, juu ya mfereji, hatua 200. Kijiji na kata ya Makuyuni, wilaya ya Korogwe, mkoa wa Tanga. Tarehe, mwezi, mwaka. Saa 12 na dakika 40 asubuhi. Mvua: ilinyesha usiku. Maji: rangi ya chai, povu, harufu ya uchachu. Tindikali ya naitriki: imetiwa. Chupa ya 1 kati ya 6. Aliyechota: jina lako. Aliyeshuhudia: jina lake.